Vidole Vitano vya Shokapu

Mandawa, Ruangwa
3 Novemba 2004

Kwa Bibi yangu Kornelia,

Shikamoo bibi. Naamini mgongo umepunguza ukali na mvua za kwanza zimekukuta salama. Mimi mzima, kazi zipo, nakula.

Barua hii anakuletea Teofili mwenyewe, akiwa juu ya baiskeli. Usishangae ukimwona amekaa juu kama mkuu wa wilaya. Unaijua ile baiskeli yake ya gia, ya kupandia milima. Shokapu yake ya mbele ilikuwa imekufa kabisa, springi hairudi. Nimemfungia nyingine niliyoitoa kwenye baiskeli ya mzungu wa mradi wa maji, aliyevunja fremu akaniachia vyuma. Bibi, hii shokapu ni dume! Ya zamani ilikuwa inazama vidole vitatu, hii inazama vidole vinane. Ukipita kwenye shimo hulisikii. Mandawa nzima imekuja kuitazama, na Teofili amezunguka soko mara nne bila kununua hata nyanya.

Mwambie akupakie akupeleke kanisani. Utaona raha yake.

Mjukuu wako na mume wako,
Wenceslaus


Naipingo, Nachingwea
20 Novemba 2004

Mume wangu Wense,

Marahaba. Mgongo unauma kama kawaida, mvua imenyesha, nakula. Wewe hujambo? Basi, salamu zimekwisha.

Teofili amekufa. Tumemzika Jumatatu. Anayeniandikia ni Gwakisa, bwana shamba, yule Mnyakyusa anayekaa nyumba ya bati. Anataka niseme amefariki dunia. Nimemwambia aandike amekufa, kwa sababu mimi nilikuwepo na yeye hakuwepo.

Jumamosi asubuhi alifunga magunia mawili ya korosho kwenye keria, akaenda ghalani. Unakijua kilima cha mtoni. Alikipanda kwa kuhangaika, akaanza kushuka upande wa pili. Tairi la mbele likageuka lenyewe. Akaruka, na usukani ukamwingia chini ya mbavu. Tulimtoa kwenye ule usukani mimi na Agatha mkewe, yeye kashika mabega, mimi nimeshika chuma. Alikuwa bado anaongea. Aliuliza kama korosho zimemwagika. Nikamwambia hazijamwagika. Zilikuwa zimemwagika zote.

Kwenye mazishi watani walifanya kazi yao. Mmoja alilala kaburini akasema hatoki mpaka apewe pombe. Mwingine akachukua mti akaufanya usukani, akamwigiza Teofili anavyopanda kilima: mbele kumenyanyuka, usukani unaangukia kushoto, anauvuta, unaangukia kulia, kama kichwa cha mtoto anayesinzia. Watu walicheka, hata Agatha alicheka na machozi yake. Mimi sikucheka. Mtani haigizi kitu ambacho watu hawakijui. Nikajiambia, kumbe sote tulimwona akiyumba siku kumi nzima, tukafikiri ni madaha.

Sasa sikiliza. Evarist, kaka yake Teofili, amekwenda kwa mganga wa mbali. Mganga kasema mkosaji ni mwanamke, jirani, na nyumba yake iko upande jua linakotua. Wamesema ni Mwanasha. Ndiyo, Mwanasha huyo huyo, tuliyenuniana naye miaka kumi na moja kwa ajili ya mbuzi. Eti alimwambia Teofili, "Pita tena kwenye ufuta wangu uvunjike shingo." Alisema kweli, nilimsikia. Lakini mimi nilimtukana Teofili zaidi ya hapo, na mimi pia naishi upande jua linakotua. Mbona hawakunitaja? Kwa sababu mimi nina wajukuu tisa wenye mikono. Mwanasha hana hata mtoto wa kumchotea maji.

Nakuuliza wewe, fundi: ile shokapu ina nini? Jibu upesi. Evarist ananoa panga barazani kwake, mchana kweupe, na anawasalimia wapita njia.

Bibi yako,
Kornelia


Mandawa, Ruangwa
1 Desemba 2004

Kwa Bibi yangu,

Shikamoo. Barua yako imenikuta mzima wa mwili tu. Nimelia sana. Teofili nilicheza naye, nilibatizwa naye siku moja, unajua.

Bibi, shokapu haina kosa. Ni chuma cha Ulaya, hakina hata ufa. Watu wanajaza magunia mawili, wanashuka mlima bila kufikiri. Kilima kile kimeangusha wengi.

Mambo ya Mwanasha ni ya wakubwa wa kijiji, mimi fundi wa baiskeli tu. Nakuomba usiingie katikati, umri umekwenda. Na tafadhali jina langu lisitajwe kwa Evarist. Ningekuja kuhani ila msimu huu kazi ni nyingi mno.

Mjukuu wako,
Wenceslaus


Naipingo, Nachingwea
12 Desemba 2004

Wense,

Marahaba. Hali yako sikuulizi, naijua: uko Mandawa na una meno yako yote. Mimi yangu mawili ya mbele hayapo.

Barua yako ilifika Alhamisi. Mwanasha walimvunja mkono Jumanne.

Walikuja watu kumi na mmoja, Evarist mbele. Mwanasha alikuwa anaanika korosho. Walimvuta kwa mguu mpaka katikati ya uwanja wake, wakaulaza mkono wake juu ya kinu, wakaupiga kwa mpini wa jembe. Mara ya kwanza haukuvunjika. Mara ya pili niliusikia nikiwa uani kwangu. Halafu wakatia moto nyumba. Paa la makuti unalijua, halichukui muda.

Nilikwenda na mchi. Evarist nilimpata mfupa wa bega, akapiga yowe kama mwanambuzi. Wa pili alinikwepa. Wa tatu alinirushia tofali, ndiyo hayo meno. Nikaona nimezidiwa, nikamlalia Mwanasha juu. Nikawaambia, "Haya, pigeni. Watatu kati yenu niliwakata vitovu mimi. Aanze mmoja wa hao." Wakasimama. Walikuwa wanahema tu. Wakaondoka.

Mwanasha yuko ndani kwangu sasa. Mkono umefungwa vijiti, umevimba kama mguu. Tangu jana ameanza kuongea. Neno lake la kwanza baada ya miaka kumi na moja ni kwamba ugali wangu mlaini. Nimemwambia apike yeye, kwa mkono upi sijui.

Gwakisa alipeleka taarifa Nachingwea. Polisi wakaja wakauliza nani alimpiga huyu mama. Watu kumi na mmoja walikuwa pale, lakini hakuna aliyekuwepo. Mimi nilitaja majina, wakasema mashahidi wengine wako wapi. Evarist ametangaza barazani kwake kwamba siku ya arobaini ya Teofili atakuja kummalizia. Arobaini ni tarehe ishirini na tatu.

Nilikuuliza shokapu ina nini, ukanijibu ni ya Ulaya. Sikuuliza ilikotoka. Mimi nimekulea tangu mama yako amekufa. Ukiwa umeiba sukari ulikuwa unaongea juu ya mvua. Una kitu mdomoni, Wense, na hicho kitu kinamvunja mwenzako mifupa.

Njoo ukiseme. Watakupiga, sikufichi. Njoo.

Bibi yako,
Kornelia


Mandawa, Ruangwa
17 Desemba 2004

Kwa Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo bibi. Pole ya meno. Pole ya yote. Mimi si mzima, na sitasema uongo tena.

Niliiona. Kabla sijampa Teofili baiskeli niliijaribu. Nilifunga mfuko mmoja wa saruji kwenye keria, nikapanda ule mteremko ulio nyuma ya banda langu. Tairi la mbele likawa jepesi, likatangatanga kama linatafuta njia yake lenyewe, likanitupa. Goti likachubuka. Nikanyanyuka nikatazama kama kuna mtu ameniona. Hakuna. Nikainamisha pua ya siti chini kidogo, ili isionekane kwamba imelala nyuma, nikamwita Teofili. Alipoiona alicheka kwa furaha, bibi. Nikashindwa kusema. Nikamwambia ataizoea.

Fikiria kitanda chako cha kamba. Ukiweka matofali chini ya miguu ya kichwani, kitanda chote kinalala nyuma, na wewe unateleza kuelekea miguuni. Fremu ile ilitengenezwa kwa shokapu ya vidole vitatu. Mimi nikaipa ya vidole vinane. Mbele kukapanda vidole vitano. Shingo ya fremu, pale usukani unapoingia, ikalala nyuma. Tairi la mbele likasogea mbali na mwili wa mtu. Pedali zikapanda, siti ikarudi nyuma, uzito wote ukahamia tairi la nyuma. Ongeza magunia mawili nyuma ya siti, basi mbele hakuna kinachoshika ardhi. Ukipanda kilima polepole, usukani uliolala hivyo unaanguka wenyewe upande mmoja. Ukiuvuta unaangukia wa pili. Ndicho alichoigiza mtani.

Kushuka ni kinyume chake. Ukikamata breki, springi inazama vidole vyote vinane kwa mpigo. Mbele kunapiga magoti, shingo inasimama, na usukani uliokuwa mvivu unakuwa mkali ghafla, ukiugusa kidogo umekwishageuka. Baiskeli moja, tabia mbili. Na magunia yanakusukuma mgongoni. Vidole vitano, bibi. Ndivyo vilivyomuua, si Mwanasha.

Juzi alipita mtu wa Naipingo kuziba pancha. Akaniambia Evarist anauliza kama namjua aliyefunga ile shokapu. Nikasema simjui. Nimesema hivyo na spana iko mkononi.

Nitakuja siku ya arobaini. Naogopa, lakini nitakuja. Ile shokapu ya zamani nimeifufua, nitakuja nayo. Mwambie Agatha asiiuze baiskeli. Nikiwa nimemalizwa kabla sijasema, wasomeeni barua hii.

Mjukuu wako,
Wense


Naipingo, Nachingwea
20 Desemba 2004

Mume wangu,

Marahaba. Huku tu wazima, wote wawili tunagombana. Barua hii nampa dereva wa lori la korosho akupe mkononi.

Gwakisa amenisomea yako mara mbili. Kitanda nimekielewa. Agatha nimemwambia baiskeli isiondoke. Ila hiyo barua siwasomei. Watasema Gwakisa kaitunga. Njoo na mdomo wako.

Asubuhi hiyo kunywa uji tu, usishibe. Ngumi ya tumbo ikimkuta mtu ameshiba ni mbaya zaidi. Vaa mashati mawili. Wakikuangusha, funika kichwa, usifunike uso, uso unapona.

Nitakuwa pale.

Bibi yako,
Kornelia


Naipingo, Nachingwea
5 Januari 2005

Mjukuu wangu Wenceslaus, uliyelazwa,

Hujambo? Usijibu, nimeambiwa taya limefungwa waya. Mgongo wangu unasumbua, mvua ni nyingi, mwaka umeingia na sisi tumo. Nimemwomba sista wa wodi akusomee haya taratibu.

Unakumbuka mpaka wapi sijui, kwa hiyo naanza mwanzo.

Siku ya arobaini ulitokea pale chini ya kilima cha mtoni, watu wakiwa wamekusanyika na Evarist ameshika panga. Mwanasha nilikuja naye mimi, kwa sababu nilisema kama ni kufa afe akitazama watu, asifie chini ya kitanda changu. Ukasema, "Shokapu niliifunga mimi. Nilijua ni mbaya." Hukumaliza. Wakakuangukia. Evarist alitupa panga akajizungushia cheni ya baiskeli kwenye ngumi. Nilisikia taya. Wanawake wanne walinishika mikono, wawili nimewang'ata kwa meno yaliyobaki, waulize.

Aliyekuokoa ni Agatha. Alikuja anaikokota ile baiskeli, akaitupa juu yenu, juu ya waliopiga na aliyepigwa. Akapiga kelele, "Mwacheni aseme! Mtamuua baadaye!" Wakacheka wengine, Mungu awasamehe, lakini waliacha.

Ukasema huku damu inakutoka. Ukaonyesha kwa vidole, vitatu, kisha vinane. Evarist akasema unamtetea mchawi kwa maneno ya kifundi. Agatha akamwambia, "Basi panda wewe. Mume wangu aliniambia usukani unamvuta. Nilidhani ni uchovu. Panda nione." Gwakisa akafunga magunia mawili. Evarist akapanda. Hakufika hata nusu ya kilima. Usukani ukaanguka huku, ukaanguka kule, mbele kukanyanyuka, akaingia mtaroni na magunia juu yake. Kidevu kikapasuka.

Hapo ndipo nilipoona wewe umekwisha, kwa sababu watu walianza kupiga kelele, "Ni huyo mwanamke! Alikuwa anamtazama!"

Ukawaambia subirini. Ukakaa chini na jicho moja limefumba, ukafungua nati, ukaitoa ile ndefu, ukafunga ile fupi. Ilichukua muda. Watu walikaa kwenye majani wakakutazama, mmoja alikuletea maji, huyo huyo alikuwa amekupiga teke. Nati ya mwisho hukuikaza. Ulianguka na spana mkononi. Gwakisa aliikaza.

Haya sasa ndiyo usiyoyajua.

Evarist akapandisha magunia yale yale. Nikamwambia Mwanasha, "Nenda kasimame kwenye jiwe pale katikati ya kilima. Mkodolee macho. Mtazame kwa macho yote uliyonayo, usipepese." Akasema, "Kornelia, wataniua." Nikasema, "Wakikuua nipo." Akaenda, mkono unaning'inia. Evarist alipomwona alisimama. Agatha akasema, "Panda."

Akapanda. Alipita mbele ya Mwanasha karibu hivi, anatazamwa kama mtu anavyotazama nyoka. Baiskeli ikaenda. Ikaenda wima mpaka juu kabisa. Akageuza, akashuka, akashika breki pale pale Teofili alipoangukia, ikapunguza mwendo, ikafika chini.

Evarist alishuka. Ilibidi apite mbele ya Mwanasha, aliyekuwa ameshuka jiweni, kwenda kuichukua ile shokapu ndefu. Aliinamisha uso. Mwanasha akamwambia kwa sauti, "Evarist! Mkono wangu uko huku, mbona unatazama kule?" Evarist akatapika kando ya njia. Ndiyo radhi aliyoiomba mpaka leo.

Usidhani watu walikupigia makofi. Waliondoka mmoja mmoja, kila mtu kakumbuka shughuli yake. Waliobaki walikubeba kwenye machela mpaka barabarani. Evarist alishika upande wa miguu. Polisi walikuja tena Jumatatu, na safari hii watu wanne wamekubali kwamba siku ya mkono walikuwepo. Evarist amekwenda nao mwenyewe, hakufungwa kamba.

Agatha yuko hapa kwenye mkeka. Anasema maneno yake yaandikwe bila kuoshwa: "Sijamsamehe. Aliiona ikimtupa, akamwita mume wangu aipande. Lakini alikuja."

Mwanasha naye anataka yake. Anasema ukipona uje umjengee nyumba, na mlango uelekee upande mwingine, amechoka kumwona bibi yako kila asubuhi. Amesema hivyo anakula chakula changu.

Mimi nina moja. Mimi ndiye niliyekuita. Nilijua watakupiga, nikakuita. Kama ungekufa ningekuzika, na mbele ya watu ningesema nilifanya sawa, na nisingepata usingizi tena duniani. Hilo nalisema mara hii tu. Usiniulize.

Gwakisa amepeleleza kwa daktari, anasema sikio lako la kushoto halitasikia tena. Nakuja Ijumaa na lori. Nitakaa upande wa kulia.

Bibi yako,
Kornelia